Bawa Chini ya Mikono Yangu

Juzi mujukuu wangu aliniletea ndege yake ya plastiki, zile za kuunganisha kwa gundi, bawa moja limepindishwa na jua. Nikamwonyesha dawa yake: unalitia mu maji ya moto, kisha unalikandamiza juu ya ubao mpaka lipoe. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini kwa kazi hiyo hakuna anayenishinda.

Baba ndiye alinifundisha, mchana mmoja wa vita, nyumbani kwetu Kibenga. Maji aliyatoa kwenye sufuria ya maharage, yananuka moshi. Mama alikuwa ameenda Carama kuchimba viazi, na mabomu yalikuwa yanalia upande huohuo. Baba alilaza bawa la ndege yangu ya plastiki juu ya meza, akaweka mikono yangu juu yake.

"Usiachilie mpaka nirudi. Ukitoka tu, litapinda tena."

"Hata mukojo ukinibana?"

"Jikojolee."

Akapanda baiskeli kwenda kumtafuta Mama.

Leo najua plastiki inapoa kabla hujamaliza kumenya kiazi kimoja. Alitaka tu nisitoke nje kwenda barabarani. Siku ile niliamini ni bawa. Bati letu lilitetemeka, watu walipita mbio na magodoro kichwani, mi nimekandamiza tu.

Baba alirudi jua likizama, peke yake, anasukuma baiskeli.

"Baba, niachilie sasa?"

Alikaa chini pembeni yangu, hata viatu hakuvua.

"Apana. Shikilia kidogo tena."