Ufunguo Uliokwenda Semina

Nilikuwa ninaparua sato uani kwetu Kigera, binti yangu akaingia na sanduku kichwani. Nyuma yake walikuja wenzake wawili wa chuo cha ualimu. Jumatatu walikuwa na mtihani wa mwisho na walipaswa kuwa chuoni, kwa hiyo niliweka kisu chini.

"Mama, kule hakuna chakula," alisema. "Mkuu wa chuo amesafiri na ufunguo wa stoo. Anatembeaga nao mfukoni, hamwamini mtu."

"Amekwenda wapi?"

"Mwanza, semina ya uongozi bora."

Wenzake walitazama chini wasicheke.

"Na makamu wake?"

"Aliitisha kikao. Wamekaa tangu asubuhi, wakaamua kumngoja mkuu. Eti kufuli ni mali ya umma, haivunjwi. Sisi tukaambiwa tukasomee kwetu."

"Hawa kwao ni mbali, Songea, mama," akaongeza.

Semina hiyo mimi sikualikwa. Ufunguo wa stoo yangu unaning'inia kwenye msumari wa jikoni. Nikienda kulima pamba, anayebaki nyumbani anapika, na nikirudi ninakuta watu wameshiba. Chuo kinachosimama kwa sababu mtu mmoja kapanda basi hakina mkuu. Kina mlinzi wa ghala, tena mtoro.

Wasichana walifungua vitabu vyao, wakasoma mpaka ugali ukaiva. Nilitenga chakula nikahesabu vichwa: wanangu, wageni wawili, na mume wangu akinawa wa mwisho. Wote walikuwepo, na hatukuwa tumefanya kikao.