Kipimo Nacho Kipimwe

Mwanangu wa kwanza alinishtaki kwa kula sukari Jumapili moja mchana, nikiwa kwenye cherehani, sindano bado imo ndani ya kitambaa. Mkononi alishika daftari langu. Kwa mbele daftari hilo lina viuno na mabega ya wateja, kwa nyuma lina sukari yangu ya kila asubuhi. Namba ni namba, sikuona sababu ya kununua daftari la pili.

"Mia na sabini," alisoma. "Mia na sitini na nane. Mia na themanini na mbili. Mama, na hizi ni kabla hujala kitu?"

"Ni za alfajiri. Nitakula nini nikiwa nimelala?"

"Labda chai ya jioni."

"Muulize mkeo. Ndiye aliyebeba kopo langu la sukari akaondoka nalo."

Mkamwana wangu alikuwa kwenye kochi. Akatabasamu akiangalia sakafu. "Na yale maandazi ya jirani, Mama?"

"Maandazi ya jirani ni magumu, na mimi nimebaki na meno manne. Tafuta shtaka lingine."

Hawakucheka. Mwanangu akafunga daftari, akasema neno alilokuja nalo kutoka kwake: mwezi ukiisha na namba ziko vilevile, nitahamia kwao Ndera. Kuna chumba. Kuna mtu wa kuangalia ninachokula.

"Na cherehani?"

"Cherehani itapumzika, Mama."

"Haijachoka."

Nyumba ya Ndera naijua. Ina vigae vinavyoteleza na geti linalofungwa mchana kutwa. Mimi naishi Gisozi, juu ya Agakiriro, lile soko la mafundi, na maseremala wa kule chini wakimaliza makochi wananiita mimi nije nipime, nishone vitambaa vyake. Watoto watano wamesoma kwa mguu huu wa kulia unaokanyaga cherehani. Sasa niupeleke Ndera ukakae juu ya stuli?

Wiki mbili nilikula dodo, ule mchicha wa huku, na maharage, mhogo nikaupunguza mpaka ukawa wa kuonja tu. Nilipanda mlima kwa miguu wakati pikipiki zinanipigia honi. Asubuhi nikijichoma kidole: mia na sabini na tano. Nitasema ukweli, ilifika siku nikanusa kikombe changu mwenyewe kama mpelelezi. Nilijiuliza kama naamka usingizini nakula bila kujijua. Namba ikirudiwa kila siku inamfanya mtu ajishuku hata kwa alichokitia mdomoni mwake.

Kilichoniokoa ni utepe wa kupimia. Miaka ya nyuma nilishona vitambaa vya makochi kwa vipimo alivyoniandikia seremala, vikatoka vikubwa, vinaning'inia kama shuka. Seremala akanirudishia mbele ya watu, akauliza, "Bibi, hapa ulimshonea tembo?" Nikamtukana yeye na mbao zake. Nilipotulia nikaulaza utepe wangu juu ya rula yake ya chuma, nikaona umezidi upana wa kidole. Ulikuwa umevutwa miaka mingi mpaka ukarefuka, na mimi nimeuamini kwa sababu una namba. Tangu hapo kila utepe wangu unalazwa juu ya chuma mara kwa mara. Sina elimu, niliishia darasa la tatu, lakini hilo nalijua.

Nikampigia simu mwanangu. "Jumatano asubuhi uje unipeleke kituo cha afya. Sili kitu. Na kile kimashine cha kupimia sukari nakuja nacho."

"Mama, kimashine ni kipya. Nilikinunua mimi."

"Hata utepe ule uliwahi kuwa mpya."

Maabara tulimkuta binti mmoja mwenye mikono myepesi. Nikamweleza ninachotaka. Hakunishangaa. Alisema ndivyo inavyotakiwa: atoe damu ya mshipa kwa mashine yao kubwa, na papo hapo nijichome kidole kwa kimashine changu. Namba mbili hazitafanana kabisa, akasema, lakini ziwe majirani. Kwenye mia zikipishana kumi, hata kumi na tano, ni sawa. Zaidi ya hapo kuna tatizo.

"Mukecuru, umenawa mikono?" Huku wanawake wazee tunaitwa hivyo kwa heshima.

"Binti yangu, nimetawadha wewe hujafungua macho. Lakini nitanawa tena, nikauke, uone."

Nikajichoma. Mia na sabini na nne.

Mwanangu aliinama akaisoma. Alitoa simu akaanza kuandika, na nikajua anamwambia mkewe atandike kile kitanda. Tukakaa kwenye benchi, yeye na simu yake, mimi na kimashine changu mapajani, mpaka binti akatoka na karatasi.

"Mia na ishirini na moja."

Nilisimama. "Soma tena kwa sauti. Huyu mkubwa hasikii vizuri."

"Mia na ishirini na moja," akarudia huku anacheka. Halafu hakuniachia nifurahi. Alichukua kile kimashine, akafungua kichupa kipya cha vijiti, vile vyembamba vinavyopokea tone la damu, akaniomba kidole kingine. Mia na ishirini na sita.

"Kimashine ni kizima," alisema. "Vijiti vyako ndivyo vibovu. Unavitunza wapi?"

Hapo moto wangu ulipungua. Nikafungua mkoba, nikaweka mezani kopo langu la vifungo. Kifuniko chake kilipotea zamani. Vijiti vilikuwa mle, vimechanganyika na vifungo vya mashati, kwa sababu kichupa chake ni kigumu na vidole vyangu vinauma asubuhi. Na kopo hukaa kando ya pasi, pale ninapopigia pasi vitambaa vilivyolowanishwa, mvuke unapanda kutwa nzima. Binti alieleza kwamba vijiti vinaharibiwa na hewa na unyevu. Vikae kwenye kichupa chake, na kifuniko kirudi hapo hapo.

Mwanangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe Mama ulikuwa unapima sukari ya vifungo!"

"Cheka. Ukimaliza, uniombe radhi."

"Mimi? Kosa ni lako!"

"La kopo ni langu, nimeliweka mezani mbele ya mgeni. La kuniita mwongo ni la nani?"

Kicheko kikamwisha. Alimtazama binti wa maabara, na yule akajifanya anatafuta kalamu.

"Ni langu, Mama," akasema. "Nisamehe."

"Na Ndera?"

"Ndera nitakuja kukuchukua siku ya sherehe tu."

Nikamsamehe. Nje alitaka kunirudisha nyumbani nipumzike. Nikamwambia anishushe Agakiriro, kuna seremala ana makochi saba yanangoja, na njiani nikamwomba seremala huyo kwa simu anibakizie kipande cha mpira wa viatu anaoupigilia chini ya miguu ya makochi. Nilikizungusha kwenye kifuniko cha kichupa kipya nilichopewa maabara, nikakishona kikabana, vidole vipate pa kushika. Sasa kinafunguka bila kuniumiza, na kinafungwa kabla sijajichoma.