Moshi Hotelini na Mwenye Hoteli

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza kwamba balozi wetu wa nyumba kumi anataka kukomesha sigara kwenye hoteli ya chai ya mtaa wa Gerezani. Nilimkuta balozi pale akimwambia mama mwenye hoteli, "Ndugu, hoteli ni ya umma."

Mama hakuacha kukanda unga. "Umma huo mbona siuoni alfajiri nikiwasha moto? Mabenchi yangu, pango nalipa mimi. Mafundi wa reli wakikatazwa sigara watahama, nami nitafunga. Asiyetaka moshi, mlango ule pale."

Wavutaji wakacheka. Balozi akavaa kofia yake, akatoka.

Mwanangu niliyembeba mgongoni alikuwa akikohoa, lakini naona mama ana haki: hoteli yake, amri yake. Kifua cha mwanangu nacho ni amri yangu. Asubuhi yake nilinunua chapati za mama yule, tukazila barazani kwetu.