Nilimfundisha Herufi R, Akanyamaza

Ndugu msomaji, kosa ni langu. Usinitafutie shetani wa kumsingizia, siku hiyo hakuwepo. Nilikuwa peke yangu sebuleni kwangu, Mikumi, nimekaa mkekani na simu mkononi.

Mimi ni mtu wa ndani. Nikionekana barabarani majirani wanauliza kuna msiba wa nani. Kidato cha nne nilimaliza, lakini Hisabati ilinicheka, Kiingereza kikanipita bila salamu, Kiswahili peke yake kikanionea huruma. Kwa hiyo niliposikia watu wanafundisha watoto kusoma kupitia simu, nikasema, kazi ya kufanya umekaa? Hiyo yangu. Nikavaa blauzi ya heshima juu, khanga chini kwa sababu kamera haifiki huko, nikaanza kuitwa Mwalimu.

Grupu langu lilikuwa na watoto wa hapa Mikumi, wa Kilosa mjini na wachache wa vijijini. Kila wiki herufi moja. Mimi narekodi video nikitamka, wao wananirudishia voisi. Nilikuwa na sheria: taja kwanza jina lako na unapokaa, ndipo usome. Niliipenda sana sheria hiyo. Ndiyo iliyommaliza Minza.

Minza si jina lake, nimeshamwanika vya kutosha. Alikuwa na miaka sita. Kwao ni wafugaji waliohamia Zombo kutoka kanda ya ziwa, na nyumbani wanaongea Kisukuma. Kiswahili alikuwa anakiokota kwa furaha, anaongea mpaka anapaliwa. Atanisomea silabi zake, kisha anieleze na ndama wao amelala wapi. Nyuma yake nilikuwa namsikia mama yake akinong'ona kilekile anachosoma mtoto. Nilikuwa nafundisha wawili bila kujua.

Ikafika wiki ya R. Ra, re, ri, ro, ru. Sentensi ikawa: Rehema amerudi na rangi nyekundu.

Voisi ya Minza ikaingia. "Mimi naitwa Minza, nakaa Zombo. Lehema ameludi na langi nyekundu." Sauti ya mtu aliyeshinda kabisa. Akamalizia, "Mwalimu, nimepata?"

Nilicheka mpaka nikajilaza. Na ulimi wangu huu wa utani, uliokwisha kunikimbizia wachumba, haukungoja. Nikamjibu mbele ya wazazi wote: "Langi imeisha dukani, Minza. Lete rangi."

Wazazi wakamwaga vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika, "Mwalimu utatuua." Kichwa kikanivimba. Nikaziunganisha sauti mbili, yake na yangu, nikaziweka status, nikaandika juu yake: Walimu tunapitia mengi.

Haikuchukua muda, dada yangu aliyeko Kilosa akanipigia. "We mdogo wangu, umekuwa staa. Hapa stendi bodaboda wote wanayo, wanaitana Langi."

Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nikamwomba anirekodie wakiitana.

Voisi za Minza zikakatika. Nikajiambia wameishiwa bando, wafugaji hawa. Mpaka siku mama yake alipoteremka kwenye pikipiki mlangoni kwangu, kamshika mtoto mkono. Nikawakaribisha mkekani, nikaanza maneno mengi kama kawaida yangu. Akanikata.

"Mwalimu, shuleni wanamwita Langi. Kisimani Langi. Hata kaka zake."

"Watoto watani tu hao, Mama Minza. Watachoka."

"Haongei."

"Na wageni?"

"Na mimi. Hata kwa lugha yetu haongei."

Nikamtazama Minza. Alikuwa anauangalia mkeka, midomo ameibana kama mtu aliyekatazwa kutema.

Mama akasema taratibu, "Nilikuletea mtoto anaongea. Nilejeshee."

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichosikia ni ile L. Mama wa watu analia mbele yangu, na mimi nusura nimsahihishe.

Bibi yangu mzaa mama, mwenyeji kabisa wa Kilosa hii, aliomba "lehema" kila jioni mpaka anakufa. Hatukumcheka hata siku moja. Tulikuwa tunamwitikia amina. Sijui mimi niliupata wapi usafi huu wa ulimi.

Nikaifuta ile voisi. Nikaomba radhi kwenye grupu, wachache wakanijibu na vikatuni vile vile. Nikafunga darasa. Lakini sauti ikishatoka kwenye simu yako imetoka. Bado inazunguka, na bado inaanza na jina lake na anapokaa.

Juzi nimekutana nao sokoni Mikumi, mama analeta maziwa. Nikamuuliza habari za shule. Akaniambia Minza anaandika vizuri, R zake zimesimama, ila akiitwa kusoma mbele ya wenzake anasimama tu mpaka anaambiwa akae. Sasa anarudishwa darasa. Mwalimu wake anasema hawezi kumpandisha mtoto ambaye hajawahi kumsikia akisoma.

Minza akainamisha kichwa mbele yangu. Midomo ikacheza, shikamoo haikutoka.

Muuza nyanya wa pembeni akadakia, "We mtoto, mkubwa hasalimiwi hivyo. Huna adabu?"

Mama yake alinitazama mimi, akangoja niseme.

Nikasema, "Ana adabu. Amenisalimia. Marahaba, mwanangu." Nikamwekea mkono kichwani, akausogeza kichwa pembeni.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mnaofundisha watoto wa watu kwenye simu, na ninyi wazazi mnaomwaga vikatuni. Ukitaka kucheka, zima simu kwanza, ucheke na ukuta wako. Sauti ya mtoto usiipeleke popote. Msahihishe akiwa peke yake, na ukishindwa, mwache aseme langi mpaka ulimi ukomae. Utakuwa bado unamsikia.