Kofia ya Mama Mkwe

Mshona kofia hakuwa na simile: nguo ikikaa kwenye kamba siku mbili bila kuvaliwa, kwake hiyo ni kuukuu, halali ya mkasi. Mumewe, fundi baiskeli, aliitafuta suruali yake ya kijivu asubuhi nzima mpaka akachoka. Ndipo mama mkwe akapiga hodi, kichwani kofia mpya aliyoshonewa na bintiye, maua ya vifungo pembeni, zipu juu ya paji la uso. Zipu ile fundi aliijua. Aliitengeneza mwenyewe kwa waya wa breki.

Akainama kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kofia unaionaje?"

"Imekukaa, mama."

Mkwe akamgeukia bintiye kwa furaha. "Kitambaa kilibaki?"

"Miguu yote miwili, mama."