Hodi ya Tatu

Fundi anapaka chokaa ukutani kwangu, na harufu ile mbichi inanirejesha Maskati, tulipokuwa wageni kutoka Unguja.

Mama alinipeleka kuniandikisha kwenye skuli kuukuu ya Waingereza, waliyowajengea zamani watoto waliokombolewa utumwani. Kuta zake nene zilitoa baridi na harufu ya chokaa, na madirisha yalikuwa juu mno, mtoto asiweze kuchungulia nje.

Mlangoni tulikuta kufuli lenye kutu; kumbe skuli ilishafungwa zamani. Hata hivyo Mama, kwa mazoea ya kwetu, alipiga hodi mara tatu.

"Karibu, bibi mkubwa," sauti ya kitoto ikaitika ndani, kwa Kiswahili cha Unguja, kama watumwa wa kwetu walivyowaita mabibi zao.

Mama akanivuta mkono, tukageuka.

"Mama, kuna mtu!"

"Nnajua," akasema, na njia nzima hakunitazama.