Hisa Sita za Duara Lenye Maji

Mwaka ule madukani hapakuwa na sabuni wala sukari, na hela ilibaki karatasi tu za kutunza sandukuni. Hata moto tuliomba kwa jirani, maana viberiti navyo vilikuwa hadithi. Kwa hiyo sijui kama ni haki kusema nilikuwa mjanja. Nilikuwa na mahindi, basi. Kihenge changu kilikuwa nusu, na kule Nyarugusu, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu, watu walikuwa na mashimo ya dhahabu na njaa.

Shimo la wachimbaji tunaliita duara, na duara huwa na wenye hisa. Hisa zenyewe hazikuwa na karatasi, na sitasema kwamba uchimbaji wetu ulikuwa na kibali cha kujivunia. Ulitoa chakula, au kamba, au nguvu zako. Mawe yakitoka mnagawana mafungu, kila mtu anakwenda kutwanga na kuosha ya kwake. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na hisa katika duara moja lililosifiwa sana, mpaka siku maji ya chini yalipolivamia. Yalipofika kifuani, bei ikaanza kuanguka. Asubuhi hisa ilikuwa mbuzi. Mchana ikawa debe la mahindi. Jioni mtu mmoja aliuza yake kwa sahani ya ugali na dagaa wa Nkome, akala, akaomba aongezewe mchuzi.

Mke wangu anasema wazo la kununua lilikuwa langu. Mimi nakumbuka lilikuwa lake. Ili nisimwonee mtu, nitaandika kwamba lilikuwa letu sote.

Nikanunua hisa sita, kila moja kwa debe. Ya mwisho aliniuzia shemeji mwenyewe. Alipomaliza kulifunga debe kwenye keria ya baiskeli, ndipo akakumbuka jambo.

"Shemeji, lakini unajua kila hisa na mkono wake?"

"Mkono gani?"

"Wa ndoo. Maji yakiingia, hisa moja inaleta mtu mmoja wa kuyachota. Asiyeleta mpaka Jumamosi, hisa yake inarudi kwa mwenye duara."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na haraka. Sikutaka kukukatisha."

Sheria hiyo niliwahi kuisikia, sitamsingizia. Ila kila mtu alikuwa na hisa moja, akaja na mikono yake, nani angehesabu? Mimi sasa nilidaiwa watu sita. Nyumbani watu wazima tulikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amekasirika.

Kwetu kazi ikiishinda nyumba, unaita kundi la bugobogobo. Hao hulima kwa ngoma, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na shamba linakwisha huku watu wakicheza. Wote huwaita shambani. Mimi niliwaita shimoni, na sijasikia mwingine aliyefanya hivyo. Nilimkuta kiongozi wao akikaza ngozi ya ngoma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mhola?" akanijulia hali kwa Kisukuma.

"Mhola duhu. Nina maji ya kuchotwa."

Akacheka. "Sisi tunalima. Maji yana magugu?"

"Mapigo ni yaleyale."

"Na nyama ni ileile. Kundi langu halichezi kwa maboga."

Nyama maana yake ng'ombe. Mimi nilikuwa na wawili tu, maksai, jozi yangu ya kuvuta plau. Ukimchinja mmoja, yule wa pili anabaki wa kutazamwa, na mvua za kupandia zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa ziwa. Bila plau tungelima kwa jembe la mkono kipande cha kulisha kuku.

"Utamfunga nira na nani yule atakayebaki?" mke wangu akauliza. "Na wewe?"

"Ikibidi."

"Sawa. Plau nitashika mimi. Na kiboko nitashika mimi."

Jumamosi tukafika na maksai mmoja, tukamfunga karibu na duara ili wachezaji wauone ujira wao. Ngoma ikalia. Kwa kweli ilipendeza: ndoo zilipanda kwa mdundo, na kila iliyomwagwa ilipigiwa vigelegele. Nilichosahau ni kwamba Nyarugusu nzima ilikuwa inasikia, na pale hakuna aliyewahi kupigia ngoma maji.

Wakaja mbio, wale wale walioniuzia. Shemeji alitangulia kwa baiskeli.

"Mmepata?"

"Maji. Sasa yako magotini."

"Magotini," akawaambia wenzake, akiwakonyeza. "Anasema ni maji."

"Ni maji kweli. Sogea uone."

"Mnaona anavyotukaribisha?" mmoja akadakia. "Angekuwa hana kitu angetukaribisha?"

"Jamani, sijaona hata punje ya njano!"

"Njano! Nani amemtajia rangi?"

Kila nilipokana, bei ilipanda. Kutoka debe ikawa madebe mawili, ikawa mbuzi. Nilipoapa kwa marehemu baba yangu, mtu akaongeza kitenge juu ya mbuzi. Mke wangu akanivuta pembeni.

"Uza."

"Nitakuwa nimewadanganya."

"Umewaambia uongo gani?"

"Hakuna. Ila ukweli wangu hauwafikii."

"Basi wauzie na maji yao. Yule mzee wa ngoma ameanza kunoa kisu."

Nikapanda juu ya kifusi nikatangaza, kwa sauti, kwamba dhahabu haijaonekana, kwamba anayenunua anashuka na ndoo sasa hivi, na kwamba kitenge sitaki, mbuzi mmoja anatosha. Walivua mashati kabla sijamaliza. Nikauza hisa tano, ya kwanza kwa shemeji, nikabakiza moja. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uaminifu au ujanja uliovaa nguo za uaminifu.

Mbuzi watano nikampelekea mzee wa ngoma. Aliwatazama, akamtazama maksai.

"Ng'ombe ana nyama nyingi."

"Huyu amezeeka, baba, mtamtafuna mpaka Pasaka," mke wangu akasema. "Tuachie. Mvua ikinyesha, yeye na mwenzake wataanza na shamba lako kabla ya letu."

Mzee akakirudisha kisu alani.

Jioni duara likakauka, na mawe ya kwanza yakatoka. Shemeji akayatwanga ya kwake papo hapo, akayaosha kwenye karai. Likabaki tope jeusi, na pembeni mwake ukingo wa njano, mwembamba kama uzi. Aliutazama sana. Kisha akanigeukia kwa hasira.

"Nilijua! Ulikuwa unatuficha!"

"Si umenunua? Si ni yako hiyo?"

"Usingejua, usingekana kwa nguvu vile!"

Fungu langu nalo lilitoa kitu, kidogo kuliko lake. Nilipomtafuta mke wangu nilikuta hakungoja karai la mtu. Alikwishamfungua maksai, wako njiani. Nikawakimbilia, akanipa kamba. Nikamweleza yote, pamoja na ule uzi wa njano.

"Hisa tano," akasema.

"Tano."

Tukavuka kijito. Ngurumo ikapita tena, karibu zaidi. Akampiga maksai kofi la mgongoni ili aongeze mwendo, akaniambia nikifika nitazame kama jembe la plau limeliwa na kutu.